Ukinisahihisha Badala ya Kunijibu

Februari nilimnunulia mama simu mpya, na jioni ileile tukakaa sebuleni, mtaa wa Pasua, Moshi mjini, kuiweka sawa. Yeye ameshika miwani, mimi nimeshika simu. Ilikuwa bado inaongea Kiingereza kama zilivyo zote zikitoka kwenye boksi. Nikaingia kwenye orodha ya lugha kutafuta Kiswahili, na kabla sijakifikia nikapita kwenye jina lililonisimamisha: Kihorombo. Chini yake Kimachame. Halafu Kipare, halafu Kiruwa, yaani Kimeru cha mlima Meru.

Mama ni Mrombo wa Mashati. "Weka hicho," akasema, haraka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa stendi.

Nikaweka. Kiingereza kikabaki palepale, kila menyu, kila kitufe. Kilichobadilika ni kalenda na saa tu. Februari ikawa "Mweri wa kaili". Jumatatu ikawa "Ijumatatu". Pembeni ya saa, kwa kuwa ilikuwa jioni, pakaandikwa "kingoto". Mama akasoma kwa sauti, akacheka, akasoma tena. Kisha akavua miwani akaniuliza: "Nani amewaandikia hii?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Ila nimekuwa nikizunguka na swali lake, kwa sababu limegusa ugomvi ninaoukuta kila Wachaga wanapokusanyika mtandaoni. Je, tuwe na Kichaga kimoja? Au Kimachame kiwe lugha, Kivunjo lugha, Kirombo lugha, Kimochi lugha, kila moja na jina lake na chumba chake? Wanaotaka kimoja wanasema mkigawana mtakwisha, watoto wenyewe hawaongei. Wanaotaka mbalimbali wanauliza hicho kimoja ni cha nani. Mimi niko na hawa wa pili kwenye suala la jina. Kwenye suala la chumba, sipo nao.

Nyumbani kwetu tumekulia kwenye Kiswahili. Watu hudhani ni mambo ya mjini, au kwamba siasa ya Mwalimu ilituingia sawasawa. Hapana. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa Mmachame. Akiongea Kimachame cha kasi mama alikuwa anashika neno moja kati ya matatu, na mama akirudisha Kirombo baba alikuwa anacheka kwa adabu, kicheko cha mtu ambaye hajaelewa na hataki kusema. Kiswahili kilikuwa msuluhishi wa ndoa. Kwenye fomu zote za shule tulijaza kabila moja, Mchaga.

Wataalamu wameliona hilo siku nyingi. Malcolm Guthrie, Mwingereza aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, alikipa Kichaga namba E62, kisha akalazimika kukikata vipande: Hai huku magharibi, Vunjo katikati, Rombo mashariki. Mwaka 1979 Derek Nurse alichapisha kitabu kizima cha kuainisha lahaja za Kichaga, na anayekifungua akitarajia kuambiwa lugha ni ngapi, basi, moja, mbili, tatu, anatoka na mlima wenye miteremko. Kijiji na kijiji jirani wanaelewana. Ukivuka mabonde matano sita, maelewano yanapungua. Ukifika upande wa pili wa mlima unatafuta Kiswahili.

Na mstari wa kabila haufuati mstari wa lugha. Hapa ndipo mimi huwa nashangaa watu wanavyogombana kwa uhakika. Kimeru, kile cha mlima Meru, ni ndugu wa karibu kabisa wa Kimachame. Masimulizi ya Wameru wenyewe yanasema walitoka huku Kilimanjaro. Mmachame akishuka Usa River akawasikiliza akina mama wa Kimeru wakipatana bei ya parachichi, ataokota mengi kuliko akishuka Tarakea, Rombo. Lakini yule wa Tarakea ni "Mchaga mwenzake" na huyu wa Usa River ni "Mmeru". Nenda Mwanga, panda Ugweno: Wagweno tunawahesabu Wapare, ilhali Kigweno kimekaa na Kichaga kuliko kinavyokaa na Chasu, Kipare cha kusini. Na ndani ya Rombo yenyewe walikuwapo Wangasa, ambao Kingasa chao si Kibantu kabisa, ni jamaa wa Kimaasai. Wamemezwa na Kirombo, na leo wajukuu zao ni Wachaga kama mama yangu. Sasa niambieni, tunaposema "lugha moja ya Wachaga" tunapima ulimi au tunapima ukoo?

Turudi kwenye simu. Ile orodha haikutungwa na kampuni ya simu. Kuna kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO 639-3, kilitoka mwaka 2007, na SIL, shirika la watafiti wa lugha, ndilo linalokisimamia. Kila lugha inapewa msimbo wa herufi tatu. Kimachame ni jmc, Kivunjo ni vun, Kirombo ni rof, Kimeru ni rwk, Kikahe ni hka, Kigweno ni gwe. Kimochi wamekipa "old", na wanaojua Kiingereza wasicheke, ni Old Moshi hiyo. Juu ya misimbo hiyo wapo watu wa Unicode, wale wanaoweka kanuni za maandishi ya kompyuta, wanaokusanya majina ya siku, miezi na fedha kwa lugha mbalimbali, na humo ndimo simu inamochota "Mweri wa kaili".

Tazama sasa nani kakosa. Kibosho haina msimbo. Uru haina. Siha haina. Mkibosho akifungua simu hajioni. Nikimkumbuka Mangi Sina, mtawala wa Kibosho, aliyewasumbua Wamachame mpaka wakamwogopa kama radi, na ambaye Wajerumani walilazimika kumletea jeshi mwaka 1891, naona historia ina utani wake: Machame ana herufi tatu, Sina hana hata moja.

Kuna na pengo jingine, kubwa zaidi kwa maoni yangu. Waluhya wa Kenya wana msimbo wa mwavuli, luy, na chini yake Kibukusu na Kilogooli na wengine kila mmoja ana wake. Wakalenjini hivyohivyo, wana kln. Kichaga hakina mwavuli. Vipande vimo, vingine havimo, na jina tunaloitana sote kila siku halimo. Yaani kwenye karatasi za kimataifa sisi ni majirani tusio na ukoo.

Usidhani kupewa msimbo ni kupewa lugha. Niliweka simu yangu Kimachame nione. Jumapili ikawa "Jumapilyi", Jumatatu ikawa "Jumatatuu", Aprili ikawa "Aprilyi". Nikaweka Kivunjo, ambacho huko kinaandikwa Kyivunjo: Jumapilyi, Jumatatuu. Nikaweka Kiruwa: Jumapilyi, Jumatatuu. Lugha tatu, wiki moja, na wiki yenyewe ni Kiswahili kilichovaa lafudhi. Kirombo cha mama angalau kina mweri wake. Hizo ni lugha tatu zilizotambuliwa kwa jina, lakini ukibonyeza kitu chochote kingine unakutana na Kiingereza. Ndiyo maana wale wanaodai utambuzi kana kwamba ni mwisho wa safari hawanishawishi. Mama alitambuliwa jioni ile, na bado nilikaa naye nusu saa kumweleza wapi pa kubonyeza.

Ila wanaosema utambuzi hauna maana hawajakaa upande wa kutotambuliwa.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshaingia Kilema miaka miwili kabla. Kila misheni ilijifunza ulimi wa mangi aliyewapokea. Johannes Raum, Mlutheri wa Leipzig aliyekaa na watu wa Moshi ya Zamani, ileile Old Moshi, alitoa sarufi mwaka 1909. Kwenye jalada aliiita sarufi ya lugha ya Kichaga, kisha kwenye mabano akaongeza: lahaja ya Moshi. Alikuwa mkweli, hakuficha. Lakini mabano yana tabia ya kudondoka. Anayemnukuu Raum anaacha mabano, anayemnukuu huyo hajui yalikuwapo, na baada ya miaka mingi mtoto wa Useri, Rombo, anaambiwa neno la bibi yake si Kichaga sahihi.

Kiswahili nacho kilipita humohumo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Waliokutana walikutana Mombasa, mji wa Kimvita, ulimi alioutumia Muyaka bin Haji kwa mashairi ambayo mpaka leo ni kipimo, wakaondoka wamekiweka Kimvita kwenye mabano. Sisi wa bara hatukuumia, hatukuwa na cha kupoteza. Muulize mtu wa Mombasa au wa Lamu anajisikiaje mtu wa Moshi, ambaye bibi yake alijifunza Kiswahili ukubwani, anapomwambia "hicho si Kiswahili sanifu". Na misimbo? Kiswahili cha Kongo kina chake, swc. Kimvita, Kiamu cha Lamu na Kipemba vimo ndani ya swh pamoja nasi. Kwa hiyo Kimochi na Kivunjo, ambao ng'ambo ya bonde wanasikilizana, ni lugha mbili. Kiamu na Kiunguja ni moja. Kiwango chenyewe kinakiri kwamba kuelewana siyo kipimo pekee: kinaangalia pia kama watu wana fasihi ya pamoja au wanajiona ni jamii moja. Yaani mlango wa siasa uko wazi, na umeandikwa.

Mfano mzuri wa siasa hiyo uko Kigoma. Mnyarwanda na Mrundi wanaongea bila mkalimani, na Muha wa Kasulu akikaa nao hapotei. Lakini Kinyarwanda kina Wikipedia yake na Kirundi kina yake. Programu ya kutafsiri ya Google ilikiingiza Kinyarwanda mwaka 2020 na Kirundi mwaka 2024. Kiha hakimo. Muha hana rais, hana noti yenye maandishi yake. Ana ulimi tu.

Hapa kwetu wapo watakaosema: bora. Tukianza kutambua vilugha tutarudi kwenye ukabila tulioukimbia. Hoja hii siidharau. Sensa yetu iliacha kuuliza kabila baada ya mwaka 1967, na siyo kwa bahati mbaya. Mkenya anafungua Ramogi FM, Inooro, Mulembe. Sisi redio zetu ni Kiswahili kuanzia mkoa mpaka taifa, na darasani ni Kiswahili na Kiingereza. Tumepata amani, na tumelipa kwa kitu. Mtandao ndio uwanja wa kwanza wa hadharani ambao Kivunjo kimewahi kupata tangu mahubiri ya misheni.

Lakini tukiwa wakweli, jina linalonuka siasa hapa siyo Kivunjo wala Kimochi. Ni Uchaga. Babu zetu walikuwa watu wa Kibosho, wa Marangu, wa Keni, wenye mangi wao na vita vyao. Hilo jina Kihorombo kwenye simu linamrudisha Horombo wa Keni, aliyejenga ngome za mawe na kutaka kuuweka mlima wote chini yake. Uchaga kama jambo moja ulipikwa karne ya ishirini, kwenye chama cha ushirika cha KNCU cha mwaka 1933, kwenye bei ya kahawa, kwenye kiti cha Mangi Mkuu alichokalia Thomas Marealle miaka ya 1950. Ulikuwa upishi mzuri, umetusomesha. Ila anayekwambia kutaja Kiuru ni kuwagawa watu, muulize ni lini ulimi wa Uru uliungana na wa Useri.

Nilisema niko upande wa jina. Sababu yangu haikutoka kwa Guthrie. Ilitoka kwenye grupu letu la ukoo.

Binti wa baba mdogo, kazaliwa Dar, kakulia Dar, Kichaga chake ni cha kuokoteza likizo za Desemba. Mwaka juzi tulipomchangia ada akaandika ujumbe mfupi, akaumalizia kwa neno moja: "Aika." Asante. Mimi nilifurahi, nikajua kuna mtu kamfundisha. Dakika haijapita, mkubwa mmoja akatupia: "Sio aika. Ni haika." Mwingine: "Inategemea na upande." Mwingine akaleta ujumbe wa sauti wa dakika tatu kuhusu herufi h. Wakabishana mpaka saa nne usiku. Hakuna aliyemwambia karibu. Na hata majina ya wasichana wetu yangetosha kuwanyamazisha, maana tuna akina Aika na tuna akina Haika, na wote wameitwa asante.

Huyo binti hajaandika tena Kichaga humo. Anaandika "Asanteni sana ndugu zangu", na kiduara cha moyo.

Kwangu mimi kipimo kiko hapo. Sitakaa nihesabu maneno yanayofanana wala nipime nani anamwelewa nani kwa asilimia ngapi. Nikikuandikia, ukanijibu, tuko kwenye lugha moja hata kama maneno yetu yanagombana. Nikikuandikia, ukanisahihisha badala ya kunijibu, na ukifanya hivyo siyo kwa kuwa nimekosea bali kwa kuwa mimi si wa kwenu, basi hapo nipe jina langu. Liwe lugha, liwe lahaja, mniite mnavyotaka. Nataka bango dogo linalosema huyu anaandika Kimachame, ili kosa lake lihesabiwe kwa Kimachame.

Na bango hilo lina kazi nyingine ambayo wakubwa wa grupu hawaifikirii. Mashine za leo zinajifunza lugha kwa kusoma tulichoandika. Ukimwaga kapu moja maandishi ya Rombo, Vunjo na Machame ukaliandika "Kichaga", mashine itajifunza mchanganyiko ambao hakuna bibi yeyote mlimani aliyewahi kuutamka, kisha itauongea kwa ujasiri kwa watoto wetu. Wao watauamini, kwa kuwa uko kwenye simu. Majina yakiwapo, kuchanganya kunawezekana baadaye kwa anayetaka. Yasipokuwapo, kuchambua hakuwezekani tena. Hata Mkibosho anaweza kuanza leo: maombi ya kurekebisha misimbo yanapokelewa kutoka kwa mtu yeyote na yanapitiwa kila mwaka. Anahitaji kuthibitisha hoja yake, siyo kuwa profesa.

Chumba cha peke yake, hapo ndipo ninapowaacha wenzangu. Niliwahi kuingizwa kwenye grupu la "Kimachame tu", Kiswahili marufuku. Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Wiki ya pili wakaanza kutafutana maneno: kompyuta tuiiteje, bima tuiiteje. Mwezi wa pili palibaki picha za asubuhi njema zenye maua, mtu anayeuza viatu vya mtumba, na admini akikumbusha sheria. Wikipedia nayo inataka waandishi wanaorudi wiki baada ya wiki kabla ya kuruhusu toleo la lugha mpya, na nadhani wana haki. Waandishi wa Kivunjo walio tayari kwa kazi hiyo, ukiwakusanya wote, sijui kama watajaza Hiace ya Marangu.

Nenda Kiboriloni siku ya soko. Mama wa ndizi ana meza moja. Mshare uko kushoto, wa mtori. Ndizi za pombe ziko chini kwenye majani, zimeshaanza kulainika. Mzuzu, kimalindi, kisukari, kila kimoja kimelala na chenzake na kila kimoja kina bei yake. Ukimwambia "nipe ndizi" anakutazama tu, anasubiri umalizie. Lakini hajafungua meza tano.

Desemba iliyopita, kabla ya watu kupanda kutoka Dar, tulipanga kwenye grupu nani analeta nini. Nikamwomba binamu yangu, ndiye admini, aweke sharti dogo: anayeandika au kurekodi kwa lugha ya nyumbani aanze kwa kusema ni ya wapi. Bibi mzaa baba, ambaye hashiki simu mpaka mjukuu amshikie, akatuma sauti ya dakika nne. Alianza kwa Kiswahili, "Hiki ni Kimachame cha kwangu," halafu akashuka nacho kwa kasi, kuhusu mbege na nani asisahau kuleta ulezi. Mama akasikiliza mara mbili jikoni, simu kaiegesha kwenye chupa ya chai. Kisha akabonyeza kitufe, akasema, "Mama, hiki ni Kirombo," akamjibu kwa Kirombo chake, dakika nzima.

Grupu likanyamaza kidogo. Nikasubiri wa kusahihisha. Bibi akarudi na sauti fupi, kwa Kiswahili: neno la tatu kutoka mwisho hakulisikia, arudie.

Mama akarudia.